Kadi Iliyoandikwa Ameanguka

Nimechoka kuulizwa kwa nini wanawake wanaopigwa hawasemi. Wanasema. Nilikuwa nesi kwenye zahanati moja pale Utemini miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Singida yakajaa vitenge na mitumba ghafla, na wake za watu waliniambia wenyewe, mlango ukishafungwa.

Mmoja alitoka Burundi. Mumewe, mfanyabiashara wa hapa mjini, alimwoa huko alikokuwa akifuata vitenge, akaja naye kwa kibali cha kuishi nchini kama mke wake. Kibali alikifungia sandukuni na ufunguo akatembea nao. Alikuwa mpole kupita kiasi huyo bwana, hakumpita mzee yeyote wa mtaa bila kumpa shikamoo yake. Mimi nilimchukia mapema.

Mara ya kwanza mkewe alikuja na mkono umevimba, mtoto wa kike mgongoni.

"Sista, amenipiga."

Nikamweleza utaratibu: aliyepigwa huanzia polisi, anachukua fomu namba tatu, ndipo tunamtibu. Uso ukamshuka. Polisi wangemdai kibali, na kibali kilikuwa kwa mume. Na mume alishamwambia kwamba akithubutu kumshtaki, atakwenda Uhamiaji kumkana, yeye arudishwe kwao, mtoto abaki.

Manesi wote tuliijua njia ya mkato. Aliyeanguka hadaiwi fomu. Nikachukua kadi yake na kuandika, kwa mwandiko niliosifiwa tangu shule ya msingi kule Kiomboi: Ameanguka. Nikamfunga mkono. Nilijiona mtu mwema siku hiyo, Mungu anisamehe.

Akaja tena wakati wa mavuno ya uwele, mbavu zikimuuma. Mara ya tatu ilikuwa karibu na Idi, jino limetoka. Siku hiyo alinipa kadi kimya, nami nikaandika bila kuuliza.

Halafu mume akapata mwanamke mwingine, akaenda Uhamiaji akamkana kweli. Hapo mkewe alikuwa hana cha kuogopa tena, akampeleka mwanawe na ile kadi kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Sheria ya Ndoa haimruhusu yeyote kumpiga mwenziwe, awe mwenyeji au mgeni, na kwamba angewaandikia Uhamiaji wamwache akae na mtoto mpaka shauri liishe. Alitaka kitu kimoja tu, ushahidi wa matibabu. Akaisoma kadi, kisha akaniita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Mtu mmoja kaanguka mara tatu?"

Mama yule aliketi pembeni, mtoto amelala mapajani, ananitazama kwa matumaini kabisa. Alijua mimi najua. Lakini kutibu kipigo bila fomu ya polisi kulikuwa kosa la kunifukuzisha kazi, na hiyo ilikuwa miaka serikali inapunguza watu. Nilikuwa na wanangu Unyambwa wanaonisubiri.

"Niliandika alichoniambia mgonjwa," nikasema.

Mzee akafunga jalada. Yule mama akamfunga mtoto mgongoni, akanyanyuka. Nadhani alishachoka kama nilivyochoka mimi sasa.

Siku Uhamiaji walipomrudisha kwao nilimfuata stendi, sijui nikitafuta nini. Alikuwa na kifurushi kimoja, mgongo mtupu. Akatoa kadi kifuani akanipa.

"Kaa nayo, sista. Mwanangu akikua akauliza mama yake alikwenda wapi, umsomee."

Ninayo mpaka leo. Yule mtoto ni mtu mzima sasa, anasimamia duka la baba yake. Nikipita huniamkia kwa heshima, ananivutia kiti nipumzike. Hajaniuliza, nami sijamsomea.