Ubeti wa Aliyeondoka

Kwa miaka michache nilikuwa na kipindi cha redio mjini Mbarara ambacho, kwa kadiri nilivyojua, hakikuwa na msikilizaji. Kilirushwa Jumapili alasiri, wakati watu wametoka kanisani, wamekula matoke yao wakashiba na kujinyoosha. Mwenye kituo alinipa saa hiyo kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Kazi yangu hasa ilikuwa kusoma matangazo ya Kiswahili siku za kazi: mbegu za mahindi, misiba, ng'ombe waliopotea, duka jipya la mabati. Alipogundua kwamba nawafahamu vijana wanaorapu, wa Nakivale na wa mjini, akaniambia nijaribu kuwaleta, mradi wasimtukane mtu.

Mimi ni mtu wa Kivu ya Kusini. Nilifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nikiwa msichana, nikakulia Base Camp, nyuma ya soko. Mama alipofariki, na dada yangu mkubwa alipopata safari ya kwenda kuishi ng'ambo na mume wake, sikuona cha kunizuia tena pale, nikahamia Mbarara na kupanga chumba upande wa Kakoba. Majirani walinisalimia vizuri kwa Kinyankore, nami niliwaitikia vizuri, na hapo maneno yetu yakaishia. Kiswahili kule ni lugha ya askari na ya wachuuzi. Mwanamke anayenunua maziwa kwa Kiswahili hutazamwa mara mbili. Nikirudi Nakivale kusalimia, nako walikuwa wameshaanza kuniita mtu wa mjini. Kwa hiyo siku nyingi sauti yangu niliitumia redioni tu, kuwasimulia watu nisiowaona habari za ng'ombe wa watu nisiowajua.

Ndiyo maana niliwapenda wageni wangu wa Jumapili. Alikuja kijana wa Mbarara aliyekuwa anaosha pikipiki karibu na daraja, akarapu kwa Kinyankore kwa kasi ambayo hata fundi mitambo wa kituo, mwenye lugha yake, alicheka na kusema ameambulia nusu. Alikuja fundi cherehani wa Base Camp, Mkongomani mwenzangu, ambaye chumba chake ndicho kilichokuwa studio ya nusu ya marapa wa kambi. Alisimamisha magodoro ukutani ili sauti isirudi, akawa analala juu ya mkeka. Hawa hawakuwa na meneja wala kampuni. Walijitengenezea biti kwenye simu, wakajirekodi, wakapitisha nyimbo kutoka simu hadi simu, na wenye vibanda vya kuchaji betri wakawajazia watu kwenye kadi. Kila mmoja aliingia studio akiwa amesafisha viatu. Na kila mmoja, kabla taa nyekundu haijawaka, aliniuliza kama kuna watu wanasikiliza. Nilikuwa nawajibu kwamba redio haina macho, sote tunakisia.

Siku moja yule fundi cherehani alinichezea wimbo uliokuwa umemfikia kutoka Juru, upande mwingine wa kambi. Walikuwa wanaimba wawili, msichana na mvulana. Msichana alianza kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kirundi. Mvulana alimjibu kwa Kiswahili cha kwetu. Hakukuwa na biti, ila mtu alikuwa anagonga kitu, pengine dumu la maji. Waliimba juu ya foleni ya posho na kisima cha bondeni na mzee anayekatiza foleni kila mwezi kwa kisingizio cha goti. Niliucheka, kisha nikaomba aurudie. Nikamwuliza fundi nawapataje hawa wawili. Akasema mmoja tu ndiye aliyebaki.

Nilikwenda Juru kumtafuta. Nilimkuta shambani na mama yake, wanang'oa maharage. Alikuwa Mrundi, mrefu, mpole, si mtu ambaye ungedhani ana yale maneno kifuani. Mwenzake alikuwa Mkongomani wa kijiji cha jirani. Walianza kwa kutaniana njiani wakienda kuteka maji, wakagundua kwamba utani wao una vina. Kisha familia ya mvulana ikapata safari. Wakapanda basi Base Camp asubuhi, watu wakalia, basi likaondoka. Alinieleza haya huku anaendelea kung'oa, hakusimama hata kidogo. Nilipomwalika kipindini, mama yake aliuliza kwa Kirundi kama huyo wa redio atamrudisha binti yake kabla ya giza. Nikaahidi.

Jumapili hiyo alifika studio na kadi ndogo ya simu yenye biti aliyotengenezewa na mtu. Kadi ikakataa kufunguka. Fundi mitambo alijaribu mashine mbili, akaguna. Msichana akasema si kitu, ataimba kwa kugonga meza, kama walivyoanza. Nikamtambulisha hewani, tukazungumza kidogo juu ya Juru na mvua, kisha nikamwachia maikrofoni.

Ubeti wa kwanza aliuimba vizuri sana, vidole vyake vikigonga mbao taratibu. Kiitikio kikapita. Kisha akaacha kuimba, akaacha kugonga, akasogea nyuma hatua moja, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni. Nilidhani amesahau maneno. Nilimtazama usoni nikaona hajasahau chochote. Alikuwa anatikisa kichwa kidogo, kwa mapigo yaleyale, midomo imefungwa. Ndipo nikaelewa: ule ulikuwa ubeti wa mwenzake, na mwenzake alikuwa na desturi ya kujigongea mwenyewe.

Redioni kimya ni kitu cha kutisha. Ukiwa chumbani kwako kimya ni kimya tu, lakini hewani ni kama shimo limefunguka miguuni. Fundi mitambo alianza kunipungia mikono nyuma ya kioo. Kisha sauti yake ikaingia kwenye visikizio vyangu, Kiswahili chake cha Mbarara kikiwa kimebanwa na wasiwasi.

"Nyabo, mama, hii nini? Watu nafikiri sisi nakufa. Mimi naweka muziki."

Niliinua mkono kumzuia. Sijui hata leo kwa nini nilikuwa na uhakika. Nilikuwa nimeishi na kimya cha namna hiyo kwa muda mrefu, chumbani Kakoba, bila mtu wa kukisikia pamoja nami. Na hapa kulikuwa na mtu anakihesabia mapigo. Fundi alishika kichwa. Tulisubiri sote watatu. Kisha msichana akasogea mbele, vidole vikarudi mezani, akaimba kiitikio cha mwisho mpaka kikaisha.

Nilitaja jina la kituo, nikataja saa, kama mtu anayejipapasa kuona kama yu mzima. Hapo simu ya studio ikaita. Kwenye kipindi changu haikuwa na desturi ya kuita.

Aliyepiga alikuwa mzee wa upande wa Rugaaga. Alisema aliwahi kuwa askari, sasa analinda shamba la migomba la mtu, na anatusikiliza kila Jumapili. Alilitamka neno hilo, kila Jumapili, bila kujua anamwambia nani.

"Leo mimi nafikiri betri nakufa," akasema. "Natoa, narudisha. Halafu naelewa. Sasa uliza huyo mtoto: yule hapana imba, ni nani?"

Msichana aliniangalia, nikamsogezea maikrofoni.

"Ni mwenzangu, baba," akasema. "Aliondoka."

Mzee alikaa kimya kidogo, na fundi mitambo akashika kichwa tena. Kisha mzee akasema pole, na akaomba kama inawezekana tumsalimie mke wake, ambaye naye yuko hapohapo karibu naye, anapepeta mtama. Tukamsalimia.

Jumatatu mwenye kituo aliniita. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba mtu akikuta kimya huzungusha kitufe cha redio, na akishazungusha harudi. Baada ya muda, ligi za Ulaya ziliporejea, ile saa ya Jumapili ikapewa mpira. Marapa waliendelea kunitumia nyimbo zao kwenye simu, nami niliendelea kusoma habari za ng'ombe. Yule mzee wa Rugaaga sikuwa na namba yake. Nilijuta kwamba sikumwuliza amekuwa akisikiliza tangu lini, na alipenda nini, na kama Kiswahili changu kilimfikia sawasawa.

Ila kipindi kile kilisafiri kuliko nilivyodhani. Mtu fulani kambini alikuwa amekirekodi kwa simu, na rekodi ikafika ng'ambo, kwa yule mvulana. Msichana alinipigia na kuniambia niende Juru, kuna kitu anataka nikisikilize kwa masikio yangu, si kwa kutumiwa.

Nilimkuta uani, maharage yameanikwa juu ya turubai, anayapiga kwa fimbo yatoke kwenye maganda. Alikung'uta mikono, akanipa simu. Mwenzake alikuwa amejaza ule ubeti. Alikuwa amesikia nafasi yake iko wazi, akarekodi maneno mapya na kuyatuma ili msichana ayapachike. Sauti ilikuwa safi, hakuna mbwa, hakuna jogoo, hakuna mtoto anayelia nyuma. Alirapu juu ya treni, juu ya ghala anamopanga maboksi, juu ya theluji inayoingia ndani ya viatu. Vina vilikaa vizuri. Kwenye mstari mmoja alitaja nyumbani, nikashindwa kujua anasema wapi.

Nilimwambia ni mzuri. Sikuwa nadanganya.

"Ni muzuri sana, dada," akasema. "Lakini si wa hapa. Ile fasi nilimwachia yule wa kisima. Huyu wa teluji ni mwingine. Nikimuweka pale, yule wa kwanza atakuwa ameondoka mara ya pili."

Aliokota fimbo akaendelea kupiga maharage. Nilikaa kwenye kigoda nikamfikiria dada yangu. Zamani, alipokuwa mgeni kule, tulikuwa tunaongea hadi salio linakatika katikati ya neno, na aliniuliza majina ya watu wa sokoni mmoja mmoja. Siku hizi ananipigia kwa picha, naona jiko lake, na tunaulizana hali ya hewa. Mimi namwambia mvua, yeye ananiambia baridi. Watoto wake hupita nyuma yake, wananipungia mkono kwa adabu, hawajui waniambie nini. Nilimweleza msichana haya yote. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu. Hakuacha kupiga maharage, lakini alipiga polepole zaidi, ili anisikie.

Nilipomaliza aliniuliza, "Na wewe hujamwambia dada yako haya?"

Nikasema sijamwambia. Akasema yeye atamwambia wake.

Akamtumia ujumbe wa sauti, mimi nikiwa palepale. Alimwambia kwa upole kwamba ubeti ameupenda lakini hataupachika. Kwamba ile nafasi ya zamani itabaki wazi, na asikasirike. Jibu halikuja siku ile. Baadaye alinieleza kwamba lilichukua muda mrefu mpaka akaanza kuamini amempoteza kabisa. Kisha mvulana akajibu kwamba alikasirika kweli, alikaa na hasira yake kazini, akipanga maboksi, halafu siku moja akajaribu kukumbuka njia ya kutoka kisimani kwenda kwao, akakwama njia panda. Akasema, "Basi, tutengeneze wimbo mwingine. Mimi nitaimba ya huku, wewe imba ya huko, tusijifanye tuko fasi moja."

Wimbo huo tuliurekodi Juru, nyumbani kwao. Tulitundika blanketi mlangoni na dirishani, mama yake akafukuza kuku, mimi nikashika simu karibu na mdomo wa binti yake mpaka mkono ukafa ganzi. Hata hivyo mbuzi alilia katikati. Nilitaka turudie, akakataa. Kwa mvulana sauti ilikuwa ileile safi, na ukisikiliza wimbo mzima unajua wazi kwamba hawa wawili wako mbali, hakuna aliyejaribu kuficha. Wameuweka mtandaoni. Watu waliousikiliza si wengi. Base Camp wenye vibanda wanao, na yule mwosha pikipiki wa Mbarara aliniambia anauimba bila kujua maana ya maneno ya Kirundi.

Wimbo wa zamani bado anauimba akialikwa, na nafasi bado anaiacha. Nilimwona mara moja kwenye shindano la marapa karibu na soko la Base Camp. Alipofika kwenye ubeti ule akasogea nyuma, vijana wakaanza kupiga miluzi, wengine wakamtajia maneno wakidhani amesahau. Alingoja mapigo yake yaishe, akamalizia, akashuka. Hakupata zawadi. Aliyeshinda alikuwa kijana mmoja mchangamfu mwenye wachezaji nyuma yake, na alistahili.

Siku ile ya kurekodi, nilipokuwa naondoka, mama yake alinifungia maharage mapya kwenye kitenge. Nilikataa mara mbili kama inavyotakiwa, nikapokea. Kesho yake Kakoba niliyachemsha yote, kwa kuwa nilizoea kupika kama mama alivyopika, sufuria imejaa. Yalipoiva nikakumbuka kwamba mlaji ni mmoja. Nilipakua sahani, nikaketi kitandani, nikaweka simu juu ya goti, nikalitafuta jina la dada yangu. Kule ilikuwa bado asubuhi, angekuwa anajiandaa kwenda kazini. Nilianza kula kwanza, huku nafikiria nianze na neno gani.