Kumbukumbu Isiyorudishwa

Siku yangu ya kwanza kazini, juu ya duka la hadwea pale steji ya Kawangware 56, nilipewa kompyuta moja na lugha ya BASIC. Nilikuwa nimetoka fomu foo juzi tu. Nyinyi wasichana mnaosomea kompyuta sasa, sikieni: kila programu huomba nafasi katika kumbukumbu ya mashine, na nafasi hiyo lazima irudishwe. BASIC ilijisafishia maneno yake yenyewe. Skrini inaganda kidogo, unangoja, inaendelea. Lugha ya Pascal ilitaka uiambie dispose, yaani achilia. Lugha ya C haina huruma: umeomba kwa malloc, rudisha kwa free. Usiporudisha, hakuna wa kukurudishia.

Supavaiza wetu aliandika kwa C programu ya kusajili wagonjwa wa kliniki ya jirani, waliopanga foleni ofisini kwetu. Kila jina la mgonjwa liliomba nafasi. Hakuna hata moja iliyorudi. Nikamwambia.

"Mama Atieno, wacha stori," akasema. "Si tunaizima saa saba? Ikiwaka inaanza upya. Shida iko wapi?"

Kweli tuliizima kila saa saba, kwa sababu joto la mabati lilikuwa linachoma mashine. Naenda kumnyonyesha Atieno wangu, narudi, naiwasha. Ugonjwa wa programu ukajificha hivyo.

Halafu Mkurugenzi wa ofisi yetu akanunua feni. Akaamuru mashine isizimwe tena, foleni ya wagonjwa imezidi. Kuanzia hapo, kila nikirudi kutoka kwa mtoto napata kumbukumbu imejaa, skrini imekufa, wagonjwa wanapiga kelele.

"Ukitoka kunyonyesha tu, mashine inakufa," Mkurugenzi akaniambia. "Unaishika na mikono ya maziwa?"

"Sir, programu hairudishi kumbukumbu. Supavaiza anajua. Wacha niirekebishe."

"Supavaiza, ni kweli?"

Supavaiza akaangalia dirishani. "Huyu akili yake iko kwa mtoto, sir."

Nikafutwa hapo hapo, mbele ya foleni.

Nasikia sasa kuna Java, ina mfagiaji wake wa kukusanya nafasi zilizoachwa. Hata huyo hagusi kitu ambacho programu bado imekishikilia. Jifunzeni hayo, lakini msidhani yatawaokoa. Mimi niliyajua. Siku hizi nafulia watu nguo mtaa wa Ayany, narudi kwangu Gatwekera mgongo umekatika. Kila ofisi ya kompyuta ninayoingia, wakiona mtoto mgongoni, wanasema kazi hakuna.

Wengine husimulia kazi zao wakiwa na mvi. Mimi nimestaafishwa huku mtoto bado ananyonya.