Koo la Spana

Mwenye moyo mgumu wa kusadiki na aondoke sasa hivi, maana hiki kisa hata mimi niliyekiona kwa macho yangu mawili kuna siku najikatalia. Mpwa wangu aliumwa koo wiki saba, halafu akalitengeneza mwenyewe kama injini.

Gerejini wanamwita Spana. Ni fundi wa magari, binti wa dada yangu, na akiliinamia gari lililokufa linaamka kwa aibu. Ufundi huo kaurithi kwa mjomba wake, ingawa mjomba mwenyewe hajawahi kufungua hata boneti.

Koo lilianza na mkwaruzo mdogo tu. Baada ya siku chache, kumeza mate ikawa kama kumeza msumari. Mama yake akaleta tangawizi na asali. Jirani akaleta vidonge vilivyombakia tangu mwaka jana, Spana akavikataa. Mimi nilitoa ushauri, dawa ya watu wazima. Tangawizi ilimtuliza kidogo, kisha msumari ukarudi palepale.

Wiki ya tano, mama yake akachoka. "Mwanangu, ni ile mioshi ya magari. Mwisho wa mwezi unaacha kazi. Nimeshaongea na shangazi yako, utakaa naye dukani kuuza vitambaa."

"Siachi kazi kwa kukisia, mama," alijibu Spana, sauti yake kama bawaba isiyo na mafuta.

Akaenda zahanati. Daktari akammulika tochi kooni, akampapasa shingo. "Huna homa, hakuna usaha, tezi hazijavimba. Antibiotiki hazitakusaidia. Kuna kitu kinakukera koo. Kitafute. Likigoma wiki mbili zaidi, rudi nikupeleke kwa bingwa, hatubahatishi."

Wiki mbili, na duka la vitambaa linamsubiri! Spana akakaza mkanda. Injini ikikohoa, fundi wa kweli habadilishi vitu vitatu kwa mpigo. Anachomoa kimoja, anasikiliza, ndipo anagusa kingine. Siku tatu akavaa barakoa kazini, asubuhi msumari upo. Siku tatu akaacha pilipili, soda baridi na kula kisha kulala hapohapo. Msumari upo. Akasukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi, akapata nafuu ya saa moja.

Ijumaa wakamtuma mbali kutengeneza lori. Akalala huko siku tatu, akashinda mchana kutwa kwenye moshi wa dizeli, barakoa kaisahau nyumbani. Jumatatu akaamka, akameza mate. Akameza tena. Laini kama maziwa! Jioni akarudi kwetu, na kesho yake asubuhi msumari huo hapo.

Akaketi kitandani akaliuliza koo lake maswali anayowauliza wenye magari: tatizo lilianza lini, na kabla ya hapo kilibadilika nini?

Hapa naomba nipite haraka. Alitoka chumbani, akaja moja kwa moja hadi kwenye kiti changu.

"Mjomba, ulihamia hapa lini?"

"Mgeni haulizwi tarehe, mama."

"Wiki saba. Na sigara unavutia wapi?"

"Papa hapa sebuleni, chini ya hicho kitundu cha hewa, nisimkere mtu."

"Upande wa pili wa kitundu kuna mto wangu wa kulalia."

Dada yangu aliweka chini kikombe. "Kaka! Mwanangu nusura akauze vitambaa kwa ajili yako!"

"Kuanzia leo unavutia nje ya geti," alisema Spana. "Liwake jua, inyeshe mvua."

Nikajaribu kukohoa kwa huruma, hakuna aliyegeuka.

Siku ya nne sauti ikaanza kufunguka. Ya nane, alimfokea mtu aliyefunga nati vibaya hadi wapita njia barabarani wakasimama. Habari za duka zikafa. Alirudi kwa daktari akaonyeshe koo, akaambiwa ni zima, aendelee kuukimbia moshi.

Sasa, watu wanamsifu Spana tu, mimi sitajwi. Nani alijitoa mhanga? Siku ileile, bila kusukumwa na mtu, nilizivunjavunja sigara zote kwa mikono yangu, sikutoa hata chozi, na tangu hapo mpaka ninapowasimulia hivi mdomo huu haujagusa hata—

"Mjomba, hebu nipumulie hapa."