Mashine Iliyouzwa Kabla ya Kufika

Mwanaamina binti Saady, mzaliwa wa Kasulu, alikuwa hodari wa kueleza. Mteja akiingia kwenye dirisha la Kiislamu la benki yao pale Kibondo, alimkalisha na kumfafanulia kwa utulivu wa mtu anayefundisha mapishi.

"Sisi hatukopeshi pesa. Unataka mashine? Benki inainunua kwanza, inakuwa yetu. Ikiharibika kabla hujakabidhiwa, hasara ni yetu. Ikifika salama, ukaiona kwa macho yako, ndipo tunakuuzia kwa faida iliyo wazi, nawe unalipa kidogo kidogo. Faida hiyo ni halali kwa kuwa tumebeba hatari."

Watu walimwelewa, Waislamu kwa Wakristo. Shida ilikuwa ng'ambo ya barabara. Benki ya huko ilitoa mkopo wa riba ndani ya siku mbili tu, na ofisa wake, Marselino, Mungu alimjalia mdomo. "Dada, mpaka wateja wako waione hiyo mashine watakuwa na mvi," alimtania kila walipokutana kwa mama lishe. Mwanaamina alicheka, lakini lilimchoma. Meneja wake ndiye hakucheka kabisa; yeye alitaka wateja tu.

Ndipo akaja mzee Leonidasi Manirambona wa Busunzu, mkulima aliyetaka mashine ya kusaga.

"Kule ng'ambo wananiambia hela kesho kutwa," alisema. "Lakini moyo wangu uko kwenu, mama. Nyie hamna ujanja."

Mwanaamina aliogopa kumpoteza. Mashine ilikuwa bado dukani Mwanza, benki haijalipia hata shilingi. Akamsogezea karatasi zote kwa mpigo, pamoja na ile ya mauzo. "Saini tu, mzee wangu. Tusicheleweshane."

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Benki ilipolipia, lori lililoibeba lilipinduka kwenye utelezi likishatoka Kakonko, na mashine ikawa vyuma chakavu. Bima haikuwapo. Kwa utaratibu ambao Mwanaamina aliuhubiri kila siku, hasara ilikuwa ya benki, maana huwezi kuuza usichokuwa nacho. Lakini meneja aliuliza neno moja tu: "Si alisaini?"

Mwanaamina akanyamaza. Alijiambia ana mama wa kumtunza, kazi zenyewe hazipatikani. Yote kweli, na hakuna hata moja lililomsaidia kulala.

Mzee Leonidasi hakugombana na mtu. Aliuza shamba lake la migomba, akawa anakuja kulipa mashine ambayo hakuwahi kuigusa. "Ni mipango ya Imana," alisema, akimtaja Mungu kwa lugha ya kwao, kisha akamuuliza Mwanaamina hali ya mama yake. Laiti angemtukana! Mwanaamina aliona aibu mpaka kwenye swala. Alikuwa akisujudu huku anamwona yule mzee akihesabu noti zake zilizokunjamana.

Siku moja mzee akaingia na jirani yake, Vestina, mjane aliyetaka mashine ya kukamua alizeti.

"Nimekuletea mtu," alisema kwa fahari. "Nimemwambia, nenda kwa Mwanaamina, huyo ni mwanangu."

Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Vestina akachukua kalamu mwenyewe, akauliza asaini wapi. Mwanaamina alimtazama mama wa watu, mikono yake imekomaa kwa jembe.

"Usisaini, mama," alisema. "Weka kalamu chini. Usisaini mpaka mashine ifike hapa Kibondo, uione, uishike."

Meneja akakohoa. Mzee Leonidasi alikuwa bado anatabasamu, kisha tabasamu likaanza kumtoka taratibu.

"Mbona mimi nilisaini kabla?"

Chumba kizima kilimngoja Mwanaamina. Angeweza kusema utaratibu umebadilika, na mzee angemwamini, kwa kuwa alimwamini kwa kila kitu.

"Nilikuonea, baba," alisema, machozi yakimtoka mbele ya wateja. "Ile mashine ilipoanguka ilikuwa bado yetu. Shamba lako uliliuza bure."