Bawa la Kulia la Kilo Tango

Lorne Haavisto alikuwa fundi bati wa ndege. Kwa miaka thelathini na moja aliziba, alinyoosha na kupiga ribiti kwenye ndege za maboya zinazotua ziwani kwetu, kaskazini mwa Ontario. Alipostaafu akaanza kuijenga upya moja kati ya hizo ndani ya kompyuta, ili mtu yeyote aweze kuirusha akiwa kwake nyumbani. Aliichagua Kilo Tango. Sisi huziita ndege kwa herufi mbili za mwisho zilizoandikwa ubavuni, hii K na T, ambazo marubani huzitamka Kilo na Tango, na hiyo ndiyo iliyopeleka unga, wauguzi na majeneza katika vijiji vya kaskazini tangu kabla sijazaliwa.

Majira matatu ya baridi alishinda katika chumba cha chini ya nyumba yake, akichora kila ribiti, kila mkwaruzo wa mlango. Alikuwa na haraka. Hoteli moja ya kusini ilikuwa imeinunua Kilo Tango iipake rangi na kuitundika juu ya nguzo, wageni wapige picha nayo. Nikilifikiria hilo damu hunichemka mpaka leo. Ndege iliyookoa watu haikuundwa iwe pambo la maegesho ya magari. Lorne hakupiga kelele kama sisi wengine. Alisema tu kwamba ya kwake itaruka, na itaruka kama Kilo Tango, si kama ndege nyingine yoyote.

Wa kuamua hilo alikuwa mmoja, Verna Beardy, aliyeirusha miaka kumi na tisa hadi daktari alipomsimamisha kwa sababu ya moyo. Jumapili moja, baada ya kanisa, alikuja na mkate wake wa kukaanga, akaketi mbele ya kompyuta, kwenye kiti ambacho Lorne alikuwa amekitoa katika ndege mbovu, akashika usukani. Mlio wa injini aliusifu. Ndege ikapaa vizuri, kisha ikaanza kulalia kushoto. Akairudisha. Ikalala tena kushoto, ikazidi kulala, mpaka ikajichomeka kwenye misonobari.

"Lorne, hii umeitoa wapi?"

"Ndiyo Kilo Tango, Verna."

"Kilo Tango naijua mimi. Hii ni binamu yake aliyesoma."

Lorne alipandwa na hasira. Akamtolea vitabu vya kiwanda, uzito, nguvu ya injini, upana wa mabawa. Kila tarakimu ilikuwa sawasawa. Verna alimwacha amalize huku akipaka siagi mkate wake.

"Hicho kitabu hakijawahi kupanda na mimi," alisema. "Ndege yangu iliinamia kulia tangu ulipoifunga lile bawa. Miaka yote nimeshika usukani nikiuvuta kushoto. Mkono umeshazoea, unavuta wenyewe."

"Tangu nilipolifunga mimi?"

"Wewe, bwana. Ulidhani sijui?"

Lilikuwa bawa la kulia. Katika mwaka wa pili wa Verna, ndege iligonga gogo majini, na Lorne akaifunga bawa lililotolewa kwenye ndege nyingine iliyoharibika. Lilikaa limejipinda kidogo pale kwenye maungio, ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, na mkaguzi akatia sahihi. Lorne alijua. Alijipa moyo kwamba hakuna atakayelihisi.

Sasa, wajenzi wa ndege za kompyuta huchora upande wa kushoto tu, halafu huiamuru kompyuta iukunjue kwenda kulia, kama sura kwenye kioo. Wote hufanya hivyo. Kazi inapungua nusu. Ila Lorne alijua kwamba kulia kwa Kilo Tango hakufanani na kushoto kwake, na bado akakunjua. Alikuwa ameipata nafasi ya kulifuta kosa lake bila kuulizwa. Siku hiyo nilimkasirikia kuliko nilivyoikasirikia hoteli.

Jumatatu asubuhi alichukua tepu ya kupimia akaenda karakanani. Watu wa hoteli walikuwa wamemtangulia. Mabawa yalishafunguliwa, yamelazwa kwenye lori na kufungwa mikanda. Angeweza kulipima bawa mpaka achoke, lakini kule kupinda kulikuwa kwenye maungio, na maungio hayakuwepo tena. Alisimama na tepu yake wazi mpaka dereva akamwambia, "Mzee, sogea basi, twende."

Kipimo kilichobaki duniani kilikuwa mkono wa Verna. Kwa wiki mbili alikuja karibu kila siku baada ya chakula cha mchana. Lorne anapinda bawa kiasi cha unywele, Verna anaruka, anasema bado. Anapinda tena. "Umezidisha, sasa imelewa." Walinuniana siku tatu, kwa sababu Lorne alisema labda ni mkono uliozeeka. Verna akarudi, lakini bila mkate.

Alhamisi moja alipaa, akageukia kaskazini, akaruka dakika arobaini, mpaka alipotua majini mbele ya kijiji alichozaliwa. Akajisugua kiwiko.

"Kinauma palepale pa miaka ile," alisema. "Ndiyo yenyewe."

Lorne hakutabasamu. Alifungua ukurasa wa maelezo yanayosomwa na kila anayeichukua ndege hiyo mtandaoni, akaandika kwa vidole viwili: "Bawa la kulia limepinda. Si kosa la programu. Nililifunga mimi, Lorne Haavisto, na rubani sikumwambia."

Tangu aiachie, barua zinamiminika. Ndege nzuri, mzee, ila inavuta kulia, hebu inyooshe. Huzisoma zote, husonya, na bawa haligusi.