Bakuli la Uyoga Mbichi

Siku hiyo pale Bredäng, mtaa wetu wa huku ughaibuni, tulikuwepo hivi: binti yangu, mwenye nyumba; mume wake, Mkongo; mama wa huyo mume, ambaye mimi na yeye huitana mkwe; mjukuu wetu wa miaka kumi na sita; na wanakwaya kumi na wanne wa kanisani kwetu, Wakenya na Waganda. Majina yao ninayo yote kichwani, na yabaki humo humo.

Mjukuu alikuwa ameomba, kwa mara ya kwanza, kulisha wageni yeye mwenyewe. Akaniletea uyoga mweupe wa dukani, beseni zima. Nikafungua bomba.

"Usioshe, Bibi! Unapangusa tu. Na haupikwi."

"Haupikwi?"

"Unaliwa mbichi."

Nikafunga bomba, nikapangusa. Yeye akakata vipande vyembamba kama karatasi, akatia limau, mafuta, chumvi na dania. Akaweka bakuli mezani, akasimama mlangoni, kitambaa cha jikoni amekikaba kwa mikono miwili.

Hakuna aliyegusa. Watu wakachota wali, wakachota kuku, bakuli lile wakaliruka. Nikaona mdomo wa mtoto unatetemeka. Basi nikajipakulia, nikala mbele ya wote. Nilidhani nimemsaidia, kumbe nimeharibu! Kwetu uyoga ukiletwa, mkubwa mmoja hula kwanza, wengine hungoja waone kama hatashikwa na tumbo. Kwaya nzima ikaweka vijiko chini, ikanitazama. Chumvi nayo haimngoji mtu. Uyoga ukaanza kutoa maji.

"Hawajaudharau," nikamwambia mjukuu. "Wananingoja mimi nife."

Hakucheka. "Wakingoja unaharibika, Bibi."

Mkwe akasikia, akalivuta bakuli. "Mkwe, ukifa leo nitabishana na nani? Tufe wote, tena tumeshiba." Akala kwa mkono.

Mwanakwaya mmoja wa sauti nzito akasema, "Wakubwa wawili wameshaonja, inatosha." Watu wakacheka, sahani zikaja.

Nimeliwaza sana jambo hili. Kule kungoja kuliwekwa kuwalinda watoto, na siku ile kulikuwa kunamuumiza mtoto.

Shule sikusoma sana, na umri nao umeenda. Kama ulikuwepo, na wewe ndiwe wa kumi na tano niliyemsahau, njoo unisahihishe. Ila usiniambie kulikuwa na masalio. Bakuli nililiosha mimi, na lilirudi jikoni tupu.