Picha ya Shangazi, Mara ya Pili

Kwetu Lamu, ukimwonyesha mtu picha uliyopiga, atasema mashaallah, na hapo mazungumzo yamekwisha. Si kwamba hana la kusema. Anachelea husuda isimpate aliyepigwa, anachelea kukuvunja moyo wewe uliyepiga, na pengine ana chungu jikoni. Kwa muda mrefu nilipiga picha za wapwa, za majirani, za maharusi kabla hawajatoka chumbani, na kila mmoja akanipa mashaallah yake. Nikaamini kwamba kazi naijua.

Kazi yangu hasa ni kuuza dawa katika duka moja huku Langoni. Kupiga picha ni mapenzi tu, na kamera yangu niliipata Mombasa ikiwa imeshachoshwa na mwenyewe wa kwanza. Wenzangu katika mapenzi hayo ni wawili. Mmoja ni mwalimu wa kemia, mwanamke mpole wa sauti, mgumu wa maneno. Wa pili ni mpakaji hina ambaye hupiga picha kwa simu, na ambaye kwa kushika mikono ya watu kutwa nzima amezoea kukaa karibu na mtu bila kumtisha. Siku za Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, hukutana nyumbani kwa mama yake mwalimu, juu darini, tukaonyeshana tulichokipata.

Ni mwalimu aliyekataza mashaallah.

"Hiyo tumwachie Mola, ndiye aliyeumba uso," alisema siku ya kwanza. "Sisi hatukuumba kitu. Tuseme juu ya picha."

Akataka kila mtu aanze kwa kusema anachokiona, kabla ya kusema kama kimempendeza. Nililiona jambo jepesi hilo, mpaka zamu yangu ilipofika.

Nilikuwa nimempiga picha shangazi yangu, mdogo wa marehemu baba, ambaye ndiye aliyenilea na hadi leo tunakaa nyumba moja. Nilimvika leso mpya, nikamsimamisha uani adhuhuri, jua limewaka, nikamwambia asitikisike. Niliipenda picha ile. Niliiweka kwenye kompyuta ya mwalimu, nikakaa nikingoja kusifiwa.

Mpakaji hina alisogea, akaitazama kitambo.

"Naona leso," alisema. "Naona na kamba ya kuanikia nguo nyuma yake, imeingia sikio hili ikatokea la pili."

"Mimi naona mashimo mawili mahali pa macho," alisema mwalimu. "Jua lilikuwa utosini. Macho yenyewe sijayaona."

"Shangazi yako ni mtu wa maneno mengi, mtaa mzima unamjua," mpakaji hina akaendelea. "Huyu hapa anatazama kama aliyekwenda kupigwa picha ya kitambulisho. Ulikuwa ukimwambia nini?"

"Nilimwambia asitikisike."

"Basi amekutii."

Hawakucheka. Walisema kama mtu anavyokwambia kwamba kitambaa kimeshonwa upande. Nilishuka ngazi, na kwa siku kadhaa sikuigusa kamera. Kilichoniuma ni kwamba kila nilipoifungua picha ile, walichokisema kilikuwamo. Kamba ilikuwapo. Macho hayakuwapo. Hakuna aliyeniambia kwamba sijui. Waliniambia nilikosimama, saa niliyochagua, na neno nililotamka. Yote matatu yalikuwa mikononi mwangu kuyabadilisha.

Asubuhi moja nilimkuta shangazi amekaa chini penye mlango wa kiwanda, ule ua wa ndani wa nyumba zetu za zamani, ungo wa mchele mapajani, akichagua mawe. Jua lilikuwa halijafika chini. Lilikuwa limegonga ukuta wa chokaa wa upande wa pili, na nuru ikarudi kwake laini, ikampata usoni kote bila kumuumiza macho. Nilisimama pale na kikombe cha chai mkononi. Nimekulia nyumba ile. Nimepita mlango ule tangu sijajua kutembea vizuri, na nuru ile ilikuwa ikija kila asubuhi, mwaka nenda mwaka rudi, na mimi sikuwahi kuiona. Niliogopa hata kuweka kikombe chini isije ikaondoka.

Nilichukua kamera nikakaa sakafuni mbele yake, kimo chake.

"Wafanyani?" aliuliza.

"Nakaa nawe tu."

"Na hicho kidude?"

"Nacho kinakaa nasi."

Alitikisa kichwa, akaendelea na mchele wake, na maneno yakaanza: bei ya samaki, binti wa jirani aliyechumbiwa Mokowe, paka aliyeiba kitoweo. Sikumwamrisha lolote. Mikono ilikuwa ikienda, mdomo ukienda, nami nilikuwa nikisikiliza zaidi kuliko kupiga. Kisha, bila ya kukusudia kitu, nikamuuliza mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa mtu wa namna gani.

Mikono ikasimama juu ya mchele. Aliinamisha kichwa kidogo upande mmoja, akakusanya midomo, macho akayaelekeza chini kidogo ya uso wangu, kama mtu anayetafuta kitu ambacho ana hakika alikiweka hapo. Nikabonyeza.

"Simjui, mwanangu," alisema baadaye. "Alifariki nami bado nanyonya. Picha hazikuwapo. Mato yangu yalimuona, lakini hayakuniwekea."

Nilijua kwamba alilelewa na watu. Sikujua kwamba alikuwa amezeeka bila ya uso wa mama yake. Alirudi kwenye mchele, na punde tu alikuwa amefika tena kwa yule paka.

Ijumaa ile, darini, niliwafungulia picha hiyo. "Naona mtu anayetafuta," alisema mwalimu. Mpakaji hina alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mkono wa kushoto umeukata nje ya picha, kwenye kifundo. Ndio ulioshika ungo, nami nautaka." Nikatazama. Kweli niliukata. Safari hii haikuniuma. Nilishukuru kwamba kuna mtu aliyefika hadi kwenye kifundo cha mkono.

Ikaja zamu ya mwalimu. Alikuwa amempiga picha baba yake kwa simu, ile inayolainisha ngozi yenyewe bila kuambiwa. Ulimi ulinijia na mashaallah, nikaumeza.

"Naona mzee asiye na kunyanzi hata moja," nilisema. "Baba yako, tukitaka kujua kama anacheka, tunatazama makunyanzi ya pembeni mwa macho. Hapa yamekwenda wapi?"

Mwalimu alikisogelea kioo. "Kumbe nimemfuta," alisema. Akatafuta ile ya awali, kabla simu haijaipaka chochote, akaifungua. Mzee akatokea, anacheka, makunyanzi yote mahali pake, na sisi watatu tukajikuta tunacheka naye. Nilistaajabu kwamba neno moja la kweli, likisemwa polepole, linaweza kumrudisha mtu usoni mwake.

Kaka na dada za shangazi wamekwishatangulia mbele ya haki wote, isipokuwa dada yao mkubwa aliyeolewa Kizingitini akabaki huko. Nilipokwenda kumjulia hali niliichukua ile picha, nimeichapisha katika studio moja ya picha za pasipoti, maana vioo vya simu humuumiza macho. Nilidhani itamfurahisha kumuona mdogo wake. Alikuwa amekaa kitandani karibu na dirisha. Akaipokea, akaisogeza penye mwanga, na akakaa nayo hivyo mpaka nikafikiri amesinzia.

"Umempata wapi mama?" aliuliza.

Nikadhani hajaona vizuri. "Shangazi mkubwa, huyo ni mdogo wako."

"Najua ni yeye. Sikupofuka." Hakuondoa macho kwenye picha ile. "Mdogo wangu nikimtazama siku zote anasema, anacheka, anainuka, anakaa. Sijawahi kumuona ametulia. Mama ukimuuliza jambo alikuwa akiinamisha kitwa hivi hivi, akikusanya midomo, ndipo akujibu. Alikufa kijana. Lau Mola angalimzeesha, angalikuwa huyu."

Mwanamke aliyezikwa kijana, ambaye hakuna mkono uliowahi kumchora wala kumpiga picha, alikuwa mbele yetu na umri ambao hakuufikia. Alikuwa amekaa ndani ya uso wa mwanawe miaka yote hii, na hakuna aliyemwona kwa sababu uso ule haukunyamaza. Shangazi mkubwa alipitisha kidole juu ya karatasi, pale penye midomo, akanirudishia.

"Mpelekee," alisema. "Mwambie nimemtambua."

Nilipofika nyumbani shangazi alikuwa akifua. Nilimweleza nikiwa bado nimesimama mlangoni, maneno yale yale, nisipunguze wala nisiongeze. Alijifuta mikono kwenye leso, upande huu na upande huu, akaichukua picha. Alikuwa ameshaiona mara nyingi na kila mara alilalamika kwamba nimemzeesha. Sasa aliishika kwa mikono miwili kama anayempokea mgeni.

"Amesema angekuwa hivi?"

"Ndivyo alivyosema."

Aligusa pua yake, kisha akagusa pua ya pichani. Aligusa kidevu.

"Basi alikuwa na kidevu hiki," alisema.

Akaenda nayo kiwandani, akakaa chini, akaiegemeza ukutani mbele yake. Kamera ilikuwa begani mwangu, sikuifungua. Nilichukua nguo alizoziacha nikaendelea kufua. Nilimsikia akizungumza kwa sauti ya chini, anasema kidogo, ananyamaza kwa muda, kisha anasema tena.